Vibali vya Kasuku Kabla ya Tiketi

Ikiwa unamfuga kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, nawe umeazimia kusafiri naye kwa ndege kwenda Maskati au Dubai, basi kabla ya kununua tiketi, tafuta vibali. Kasuku huyu, kwa sababu ya kunaswa na kuuzwa kwa wingi, tangu mwaka 2017 amewekwa katika daraja ya juu kabisa ya himaya ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, hata havuki mpaka ila kwa idhini ya serikali ya nchi atokayo na ya nchi aendako. Anza na idara ya wanyamapori. Kisha daktari wa mifugo akupe cheti cha afya. Uliza na shirika la ndege kama lampokea.

Tundu lake liwe imara, lenye kijiti cha kutulia, naye asimame bila kichwa kugusa juu. Kikombe cha maji kijazwe kutoka nje. Usimpe dawa ya usingizi, maana humlegeza akashindwa kushika kijiti, na pumzi ikamwia nzito.

Narudia: vibali kwanza, tiketi baadaye. Vikikosekana, mwache kwa jamaa mwaminifu ajuaye kumlisha.