Mpira wa Pampu ya Kutolea Oili Katika Mashua za Mtambo



Leo twataka kunena habari ya kitu kidogo ambacho wengi hukinunua bila kukitazama, nacho ni mpira wa pampu ya kutolea oili. Mitambo ile inayoning'inia nyuma ya mashua haimo katika maneno haya; twanena juu ya mtambo wa dizeli uliofungwa ndani ya chombo.

Mwenye motokaa hulala chini ya gari lake, akafungua nati ya sampu, oili ikamwagikia karai. Katika mashua sivyo, kwa kuwa mara nyingi sampu hukaribia kugusa ngama, wala karai haipiti chini yake. Hapana budi oili itolewe kwa juu. Wengine huingiza mrija mwembamba, wa milimita 6 hivi, katika tundu la kijiti cha kupimia, mpaka ufike chini kabisa. Wengine hufunga mpira mnene wa kudumu penye nati ya sampu, ukapanda hata kwenye pampu.

Watu husema pampu huvuta oili. Kwa kweli pampu hupunguza hewa ndani ya mpira, na hewa ya nje ndiyo inayoisukuma oili ipande. Lakini hewa hiyo hiyo huubana mpira kwa nje. Basi mpira mwororo husinyaa ukajiziba, na mwenyewe akadhani pampu imekufa. Tena oili yapasa iwe na joto kidogo ipate kutiririka, na joto hilo ndilo linalolegeza mpira wa plastiki upitishao nuru, ambao wengi huupenda kwa urahisi wa bei. Mpira wa utomvu wa mti nao, ukikaa na oili, huvimba na kuharibika. Takeni mpira wa nitrili uliofanyizwa kwa ajili ya mafuta ya moto, wenye waya ndani ya ukuta wake, na maandishi ya ubavuni yasomwe kabla ya kutoa fedha.

Katika kuufunga ndipo tunapoona uzembe mwingi. Mpira wa kudumu hukaa chini ya kimo cha oili, kwa hiyo ukipasuka au ukichomoka safarini, oili yote hushukia ngama, na mtambo usio na oili hukwama upesi. Fikirini mashua iliyojaa watu usiku katika Ziwa Tanganyika, upepo unaisukuma kwenye miamba! Penye sampu iwekwe koki, nayo ikae imefungwa siku zote isipokuwa wakati wa kutoa oili. Mpira na uenee sawasawa juu ya nipeli, ukazwe kwa vibano viwili vya chuma kisichoshika kutu ikiwa nipeli ni ndefu ya kutosha, upitishwe mbali na bomba la moshi, wala usikunjwe ghafula.

Kibano kilicholegea upande wa kuvutia huenda kisidondoshe hata tone wakati pampu inapokwenda, bali huingiza hewa. Mtaona mapovu na oili kidogo tu.

Oili chafu itiwe katika debe lenye kifuniko, isimwagwe ziwani tunakochota maji. Fundi akiisha kutia oili mpya, awashe mtambo dakika chache, auzime, angoje oili ishuke, apime kwa kijiti, kisha aingie na taa apapase kila kibano kwa kidole kikavu.