Ova Nne za Frank Nsubuga



Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nane na nusu, saa ambayo katika Kampala walio macho ni askari wa zamu na watu wachache wengine, timu ya taifa ya kriketi ya Uganda iliingia katika uwanja wa Providence, nchini Guyana, kukabiliana na Papua New Guinea. Yalikuwa mashindano ya Kombe la Dunia la ova 20. Siku chache kabla yake timu hiyo ilikuwa imeshindwa na Afghanistan kwa tofauti ya mikimbio 125. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, mkubwa kwa umri kuliko mchezaji yeyote wa timu zote 20 zilizoshiriki.

Ni haki kuuliza: mtu wa umri huo alikuwa akitafuta nini pale, hali vijana wapo?

Jibu lilitolewa uwanjani. Nsubuga alirusha ova nne, yaani mipira 24, ambayo ndiyo sehemu yote anayoruhusiwa mrushaji mmoja katika mchezo huo. Mpira wake hauna kasi. Huenda polepole, hutua mahali alipokusudia, kisha huzunguka, na mpigaji mwenye pupa hujinasa mwenyewe. Ova mbili kati ya zile nne hazikuzaa hata mkimbio mmoja. Kwa jumla alitoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 2007, hapakuwa na mrushaji aliyemaliza ova nne akatoa michache kuliko hiyo. Kweli, rekodi haikudumu: tarehe 17 mwezi huo huo Lockie Ferguson wa New Zealand alirusha ova zake nne bila kutoa mkimbio wowote. Lakini Ferguson ni mtoto wa nchi ambayo kriketi ni kazi yake ya siku zote.

Papua New Guinea walitolewa wote kwa mikimbio 77. Hata hiyo ilikuwa nusura iishinde Uganda, kwani wapigaji watano wa kwanza walianguka mikimbio ikiwa 26 tu. Riazat Ali Shah ndiye aliyesimama imara, akapata 33, na Uganda ikashinda kwa wiketi tatu, mipira 10 ikiwa imebaki. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia la kriketi.

Nsubuga alianza kriketi ya kimataifa mwaka 1997, akiwa na miaka 16. Wakati huo Uganda ilikuwa bado inacheza ndani ya timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na Kati. Ilisimama peke yake mwaka 1998. Naye alikuwa mchezaji wa pande zote, mwenye kupiga na mwenye kurusha. Ndugu zake Lawrence Sematimba na Roger Mukasa nao waliichezea Uganda.

Mchezo wenyewe ulikuwa umepata pigo tangu mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wengi katika vilabu. Ulibaki ukihifadhiwa na shule kama Budo na Mwiri, na uwanja wa Lugogo. Kutoka hapo timu ilikwenda Kanada mwaka 2001, Ireland mwaka 2005, Australia mwaka 2007 iliposhinda daraja la tatu mjini Darwin, na Afrika Kusini mwaka 2009 iliposhika nafasi ya kumi. Kila safari mlango wa Kombe la Dunia ulibaki umefungwa. Wachezaji wa rika la Nsubuga walistaafu mmoja mmoja. Yeye alibaki katika safu, kama mlinzi ambaye mwenzake wa kumpokea hajafika.

Mlango ulifunguliwa Windhoek, Namibia, mwezi Novemba 2023. Uganda iliishinda Zimbabwe, nchi yenye uanachama kamili wa kriketi duniani, kwa wiketi tano. Tarehe 30 ikaishinda Rwanda kwa wiketi tisa, na Zimbabwe ikabaki nyumbani.

Haifai kuficha yaliyofuata ushindi wa Guyana. West Indies waliiangusha Uganda kwa mikimbio 39, na New Zealand kwa 40. Ndivyo ilivyo tofauti kati ya timu inayokutana na wakubwa kila mwaka na timu iliyongoja zaidi ya robo karne ili ikutane nao mara moja. Mwaka 2025 nafasi mbili za Afrika za Kombe la 2026 zilishindaniwa Harare. Zilichukuliwa na Namibia na Zimbabwe, na Uganda ikarudi kwenye foleni.