Kazi Nayo Ni Chuo

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita)

Ndugu msikilizaji, mbukwa! Hiyo ndiyo salamu ya wenyeji wetu hapa Dodoma. Nimeanza nayo kwa makusudi, maana mazungumzo yetu ya leo yanahusu uzima wa mwili, na salamu nyingi za Waafrika ni kuulizana uzima.

Mwaka jana nilikwenda kupima afya. Mganga aliyenipokea, kijana mstaarabu, alinifunga kile kitambaa mkononi, mashine ikavuma, akaisoma, akatikisa kichwa. Kisha akaniambia maneno manne tu: "Mzee, presha. Fanya mazoezi." Nikamwuliza, mazoezi gani? Akanitazama, akautazama msururu wa watu waliokuwa wakimsubiri kwenye benchi, akasema, "Yoyote tu, mzee wangu."

Simlaumu kijana yule. Lakini nilitoka pale nikijiuliza: yoyote? Niruke kamba? Nipande kilima cha Mlimwa mbio, mimi ambaye goti langu la kushoto liligoma zamani? Dawa hutolewa kwa kipimo: kidonge kimoja, kutwa mara mbili, baada ya chakula. Mbona mazoezi, ambayo nayo tunaambiwa ni dawa, hutolewa bila kipimo?

Swali hilo, ndugu msikilizaji, si langu peke yangu. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, na watu kama 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Maradhi tuliyozoea kuyaita ya wakubwa yameshuka mpaka kwa mama lishe na dereva wa bodaboda.

Na mji wetu huu umekua. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni kuanzia 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo. Mwaka 2018 mji ukawa jiji, na sensa ya 2022 ikahesabu humu watu zaidi ya 765,000. Wengi tumekuja na viti vyetu. Asubuhi mtu huingia garini kwenda Mtumba, akashuka akakaa kitini, akaletewa chai na chapati kitini, jioni akarudi garini, usiku akakaa mbele ya televisheni. Hatua alizotembea kutwa nzima mama wa Bahi huzimaliza kabla jua halijachomoza, akiwa na ndoo kichwani.

Si kwamba wakubwa hawakuliona jambo hili. Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Ni jambo jema. Lakini hebu tuulize: ni nani anayesimama mbele kutuongoza? Mara nyingi ni kijana wa kunyanyua vyuma, mwenye kipaza sauti na muziki wa kuamsha wafu. Yeye anajua kuruka, ila hajui kuwa mzee wa mstari wa tatu amesahau kumeza dawa yake ya presha. Muuguzi anajua habari za presha, ila hakufundishwa kumpangia mtu mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nani atakaa na fundi cherehani wa Majengo amgawie dakika hizo kwa kadiri ya moyo wake, goti lake na riziki yake?

Tunao wataalamu, alhamdulillahi. Pale KCMC, Moshi, hufundishwa wataalamu wa tiba ya viungo. Kule Malya, wilaya ya Kwimba, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Lakini Moshi ni Moshi na Malya ni Malya. Mtu aliyeko kazini Chemba au Kongwa, mwenye watoto na shamba la uwele, hawezi kufunga virago kwa miaka mitatu akasome mbali. Akiondoka, zahanati imebaki tupu. Asipoondoka, atabaki palepale alipo mpaka astaafu.

Wenzetu wa Uingereza walikutana na tatizo linalofanana na hilo. Mwaka 2000 walitangaza aina mpya ya shahada, na mwaka 2001 wanafunzi wa kwanza wakaanza. Tuiite shahada ya msingi. Kwa anayesoma muda wote huchukua miaka miwili, na uzito wake ni theluthi mbili za shahada kamili. Mwajiri hushiriki kuipanga, na kazi yenyewe huhesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Yamo masomo ya afya ya jamii, yamo ya mazoezi ya mwili, na mwanafunzi hupimwa kwa yale anayoyatenda kazini, si kwa karatasi ya mtihani pekee. Akitaka kuendelea, huongeza mwaka mmoja hivi akapata shahada kamili. Baadaye idadi ya wanafunzi wa shahada hizo ilipungua, na kuanzia 2015 wakaja na uanagenzi wa ngazi ya shahada. Lakini wazo ni lile lile: kazi nayo ni chuo.

Sasa usije ukadhani nakuletea mitumba kutoka Ulaya. Sisi tuliwahi kulivaa vazi hili. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, na likawafungulia mlango watu wazima waliokuwa makazini. Lilikuwa na kasoro zake, na katika miaka ya 1980 utaratibu huo uliachwa. Lakini hoja yake haikuwa ya kijinga. Hata kabla ya hapo, mwaka 1963, ilianza kozi ya madaktari wasaidizi: mganga aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa aliongezewa mafunzo ya miaka miwili. Katika wilaya nyingi za mbali, mama aliyeshindwa kujifungua alipasuliwa na mkono wa daktari msaidizi, akarudi nyumbani na mtoto wake.

Na mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee mnaonisikiliza mnaikumbuka. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa kwa kazi hiyo. Hawakuwa maprofesa, walikuwa majirani.

Hapa kwetu Kongwa, jina ambalo wazee wengine hulikumbuka kwa karanga za Waingereza, kulifanyika utafiti mkubwa juu ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaopofusha. Wachunguzi walitaka watoto wanawishwe uso. Wakakuta kwamba akina mama hawakuwa wavivu wala wajinga. Maji yalikuwa mbali, muda mchache, na watu wakiamini kwamba kunawa uso kunamaliza maji mengi. Mambo yalibadilika pale wanakijiji wenyewe walipokaa wakaonyeshana kwamba maji kidogo tu hunawisha nyuso nyingi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995: vijiji vilivyohimizwa kunawisha watoto pamoja na kupewa dawa ya macho vilikuwa na trakoma kali kidogo kuliko vile vilivyopewa dawa peke yake. Ujuzi wa namna ile haupatikani kwa kukaa darasani tu.

Ndugu msikilizaji, katika kijiji kimoja wilayani Chamwino nilikutana na mama mmoja mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nilipomweleza habari za presha yangu hakucheka. Alinitembeza. Tulitoka nyumbani kwake mpaka kisimani, yeye akizungumza nami njia nzima, nami nikimjibu. Tulipofika akasema, "Baba, mwendo wako ndio huu. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umepatia. Ukishindwa kuzungumza, punguza." Kipimo nilichokikosa mjini nilikipata kisimani. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na moja. Anawajua wenye kisukari wote wa kitongoji chake, na nani ameacha dawa na kwa nini ameacha.

Nikamwuliza kama hataki kusoma zaidi. Akatabasamu. "Walinitaka cheti cha fizikia na kemia. Mimi nilipata Kiswahili na uraia. Miaka yangu kumi na moja hawakuiuliza."

Hapo ndipo penye donda. Mwanzoni mwa 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, kwa mafunzo ya miezi sita, darasani na vijijini. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini miezi sita ikiisha, ngazi inaelekea wapi? Tunayo ngazi ya elimu ya ufundi, kuanzia astashahada hadi stashahada hadi shahada. VETA nao tangu 2010 hurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia chini ya mwembe. Ikiwa mwashi aweza kupimwa kwa ukuta alioujenga, kwa nini mhudumu wa afya asipimwe kwa kijiji alichokilea?

Najua wapo watakaosema hizi zitakuwa shahada za chee. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mwili wa mgonjwa si mahali pa kubahatisha, na mazoezi yasiyofaa yanaweza kumwangusha mtu. Kwa hiyo mtihani wa kazini hapana budi uwe mgumu kuliko wa karatasi: awepo msimamizi aliyebobea, na mwanafunzi ajue mipaka yake, lini aongoze na lini ampeleke mtu kwa daktari. Anayekosa fizikia afundishwe fizikia anayoihitaji, jioni, akiwa kazini. Asiyeweza, asipite.

Wapo tena watakaoona humo njia ya kupata watumishi wa bei poa. Hao tuwakatae mapema. Katika miaka ya 2010 vijana walisomeshwa mwaka mzima wawe wahudumu wa jamii, na wengi wakabaki na cheti bila ajira. Cheti bila kazi ni dhuluma, na kazi bila cheti ni dhuluma vilevile. Mwajiri atakayepokea mwanafunzi ampe muda wa kusoma, na akihitimu ampandishe na mshahara.

Dodoma ina kila kinachohitajika. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo, cha Mtakatifu Yohana kipo, Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo, Mirembe ipo, Mvumi ipo, na wizara zenyewe ziko hapa, wakubwa wake wakiwa na vitambi kama changu. Waanze na watu ishirini tu, kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa na mitaa ya jijini. Baada ya miaka mitatu tuhesabu ni presha ngapi zimeshuka.

Mimi kila asubuhi natembea, nikizungumza peke yangu kama mwendawazimu ili nijue kama mwendo ni wenyewe. Majirani wamezoea. Jumamosi ya pili ijayo nitakwenda uwanjani kama wengine. Ningefurahi nimwone mama yule wa Chamwino amesimama mbele, kipaza sauti mkononi. Lakini ningefurahi zaidi kama angekuwa amesimama pale kwa sifa yake mwenyewe, iliyoandikwa na kutiwa muhuri. Mcheza kwao hutunzwa; huyu amecheza kwao miaka kumi na moja, na tuzo bado tunalo mfukoni.

Ndugu msikilizaji, tukijaliwa tutaonana wiki ijayo. Kwaheri.