Swali la Ukonga Liende Dodoma, Jibu Lirudi Chanika

Msikilizaji, siasa na elimu zilikutana zamani katika jimbo la Ukonga, Dar es Salaam. Pale Pugu, katika shule ya Mtakatifu Francis, ndipo alipofundisha Julius Nyerere hadi mwaka 1955, alipoacha chaki ili akitumikie chama cha TANU kwa nguvu zake zote.

Leo watoto wa Chanika na Majohe wanasoma kwa mpango wa elimu bila ada, ulioanza Januari 2016 ukifika kidato cha nne. Ada iliondoka, lakini madarasa, madawati, vyoo na barabara ya kufika shuleni haviji vyenyewe.

Hapo ndipo kazi ya mbunge ilipo. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge jukumu la kuisimamia Serikali, na njia mojawapo ni kumwuliza waziri maswali kuhusu mambo ya umma. Mwita Waitara, akiwa mbunge wa Ukonga, aliteuliwa Novemba 2018 kuwa naibu waziri wa TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, inayosimamia shule za msingi na sekondari. Aliyekuwa akiuliza akageuka wa kujibu.

Swali bungeni Dodoma si pambo. Jibu la waziri huandikwa kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na ahadi ni deni. Wana Ukonga, hudhurieni mikutano ya mtaa, mpeni mbunge wenu orodha ya upungufu wa kila shule, kisha mumdai majibu. Mtoto aliyeketi sakafuni leo asisubirishwe hadi uchaguzi mwingine.