Heshima ya Ukoo Haihalalishi Damu

(Darsa iliyotolewa Chwaka, Unguja)

 



Wapo wanaomuua binti, dada au mke kwa kudhani ameutia ukoo aibu, kisha wakalivika tendo hilo joho la dini. Dini haimo humo. Surat An-Nur imemtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne; akishindwa, apigwe mijeledi 80 na ushahidi wake usipokelewe tena. Sayyidna Saad bin Ubada alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo mtu akimkuta mwanamume na mkewe atasubiri hadi alete mashahidi wanne. Akajibiwa: ndiyo. Hilal bin Umayya alipomtuhumu mkewe, hukumu iliyoteremka ni ya kulaaniana, kisha wakatenganishwa. Hapakumwagika damu. Basi ikiwa mume aliyeona kwa macho yake hakupewa upanga, kaka aliyesikia uvumi wa barazani kaupata wapi?

Tutazame yaliyotokea Pakistani. Julai 2016 Qandeel Baloch aliuawa na kaka yake. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuziba mwanya wa jamaa kumsamehe muuaji. Mwaka 2019 kaka alihukumiwa kifungo cha maisha. Februari 2022 mahakama ya rufaa ikamwachia, baada ya mama yao kumsamehe. Aliyeua na mwenye kusamehe ni wa nyumba moja. Nani basi aliyebaki kumdaia marehemu haki yake?

Msamaha wa jamaa ni jambo tukufu, lakini haufuti haki ya umma. Imam Malik aliona kwamba muuaji wa kusudi aliyesamehewa bado achapwe mijeledi 100 na afungwe mwaka mmoja.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Hapa Zanzibar, sheria ya mwaka 1985 iliruhusu msichana asiyeolewa aliyeshika mimba afungwe hadi miaka miwili. Kifungo hicho kiliondolewa mwaka 2005. Tumbo la mwanamke lilimshitaki lenyewe, na mwanamume aliweza kukana. Na leo mke akiuawa, twasikia: "ni wivu wa mapenzi", kana kwamba jina hilo ni udhuru.

Ndugu zangu, maradhi yetu ni muhali. Jirani ameona, lakini muhali kumtaja mtoto wa jirani. Shangazi anajua, lakini muhali kuuanika ukoo. Kesi ya mauaji haimaliziki kwa wazee kukaa kikao, wala si ya Mahakama ya Kadhi, ambayo kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi. Ni ya Mahakama Kuu, nayo haihukumu bila shahidi. Qur'ani imetuamrisha tusimamie uadilifu, ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Anayeficha ushahidi, moyo wake umeingia dhambini.

Siku ya Kiyama mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa ameuawa kwa kosa gani. Swali hilo tusilingojee huko. Tuliulize sasa, na tulijibu mbele ya hakimu.