Kidogo Kilicho Karibu na Kikubwa Kilicho Mbali

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyevipangia jua na mwezi njia zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani,

Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (S.A.W.). Siku hiyo jua likapatwa mjini Madina, na watu wakasema kuwa limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto yule. Mtume alikuwa na huzuni ya mzazi. Angalinyamaza, maneno yale yangalimzidishia utukufu machoni mwa watu. Hakunyamaza. Aliwafundisha kuwa jua halipatwi kwa mauti ya mtu, awe nani, na kwamba Muislamu aonapo hayo huelekea kwenye sala na kumkumbuka Mola wake.

Basi jua hupatwaje? Tutazame vipimo. Kipenyo cha ardhi yetu ni kama kilomita 12,750. Cha mwezi ni kama kilomita 3,470. Cha jua ni karibu kilomita 1,400,000, yaani mara 109 ya ardhi.

Mfano wa nyumbani utatufahamisha. Twaeni choroko moja, iwe ndiyo ardhi. Mwezi utakuwa punje ya haradali, umbali usiotimia shubiri moja. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, itakuwa ndimu. Na jua litakuwa sinia kubwa la kulia wali, lililowekwa umbali wa zaidi ya mita 50.

Wala jina halifuati ukubwa. Ganymede ni mwezi tu, mmoja katika miezi ya Mshtarii, na kipenyo chake ni kama kilomita 5,270. Utaridi ni sayari, na kipenyo chake hakifiki kilomita 4,900. Na jua lenyewe ni dogo mbele ya nyota iitwayo Betelgeuse, iliyolizidi kwa upana mara mamia.

Sasa lioneni la ajabu: punje ile ya haradali hulifunika sinia zima! Jua ni pana kuliko mwezi karibu mara 400, na tena liko mbali nasi kuliko mwezi karibu mara 400. Kwa hiyo machoni petu vinakaribia kulingana, na mwezi upitapo katikati huweza kuugeuza mchana kuwa giza. Ukiwa mbali zaidi katika njia yake, haulifuniki lote, bali huacha pete ya mwanga. Al-Battani, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 929, alibainisha kwa hesabu kuwa jambo hilo lawezekana, karne nyingi kabla ya darubini.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, hapa pana mawaidha. Kidogo kilicho karibu huficha kikubwa kilicho mbali. Ukiiweka shilingi moja mbele ya jicho lako, hulioni jua. Ndivyo alivyo mwenye duka apunjaye mizani: faida ya kiganja imemficha Siku ya Hisabu. Ndivyo alivyo msimamizi alaye mali ya yatima: shamba la jirani ya mlango wake limemficha Mola wake. Akhera haikuondoka mahali pake, kama vile jua lisivyoondoka lipatwapo. Kilichozibwa ni jicho, na dawa yake ni kuiondoa shilingi ile kabla haijaondolewa na mauti.

Nanyi wanafunzi, someni elimu ya nyota kwa bidii. Kila kipimo mtakachokijua kiwazidishie unyenyekevu, si majivuno.

Ewe Mola wetu, tuoneshe vitu kwa ukubwa wake wa kweli, wala usiijaalie dunia kuwa pazia baina yetu na Wewe. Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sote. Amin.