Mbio, Raba na Swaumu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya kijana katika Ramadhani. Neno afya ni pana, na masheikh na madaktari wamelisema sana kuliko mimi. Kwa hivyo nitachukua kipande kimoja ambacho nakijua kwa miguu yangu, nacho ni kukimbia. Wale wa medali wana makocha wao. Nawasema watu wa kawaida: mwanafunzi, fundi, mwalimu, mama wa nyumbani, yule anayetoka akakimbia kilomita tano au kumi, na pengine siku moja ajaribu nusu marathon ya kilomita 21, au ile nzima ya kilomita 42 na mita 195.

Kwanza tujue tunaishi wapi. Mtu akisikia mbio za Kenya anataja Iten na Eldoret, basi, amemaliza. Lakini Cosmas Ndeti, aliyeshinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, ni mtu wa Machakos. Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathon kule Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, ni wa Ukambani huku huku. Na mwaka 1988, hiyo hiyo Boston, Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja. Sekunde moja, baada ya kilomita 42! Akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Majina mawili ambayo ukiyaita katika madrasa yoyote, atainuka mtu aseme labeka.

Na kama kuna mzee anayedhani mbio ni upuuzi wa vijana wa siku hizi, namkumbusha kwa adabu yale aliyotusomesha maalim. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume alimshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni ya ile. Tena yuko Salama bin Akwa'i (r.a.), sahaba aliyesifika kwa kasi ya miguu. Basi hatukuanzisha sisi.

Sasa swali ambalo naulizwa kila mwaka: nikiwa nimefunga, naweza kukimbia?

Waweza, ukijua unachofanya. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mchana haubadiliki sana. Ramadhani iwe Februari au iwe Agosti, tunafunga kama saa 13 na kitu. Ndugu zetu walioko London, Ramadhani ikiangukia Juni, hukaribia saa 18. Sisi tuna afueni. Lakini afueni si ruhusa ya ujinga. Tumbo tupu mwili unalivumilia, manake misuli huwa na akiba yake. Kitu kinachouma ni maji. Ukikimbia saa nane mchana unatoka jasho ambalo huna la kulirudisha mpaka jua litue, na hizo ni saa nne na ushei.

Kwa hivyo chagua wakati. Wengi wetu hutoka kama dakika 40 kabla ya Maghrib, mbio za taratibu, halafu maji na tende vinakungoja. Kipimo cha taratibu ni hiki: uweze kuzungumza na mwenzako bila kukata maneno. Ukianza kuhema katikati ya sentensi, punguza. Wengine hupendelea baada ya tarawehe, na huo ndio wakati mzuri zaidi kwa anayetaka mbio ndefu au za kasi, kwa sababu umekunywa na unaweza kunywa tena. Shida yake ni giza, nitakuja huko. Baada ya daku? Mimi sipendi. Unamwaga maji yote ya daku kabla hata jua halijachomoza, halafu unaanza siku nzima ukiwa mkavu.

Hapa lazima niseme jambo zito, na wazazi sikilizeni. Kijana aliyefunga akikimbia akapata kizunguzungu, akaanza kutetemeka kama mwenye baridi na jua linawaka, akazungumza maneno yasiyoeleweka, au ngozi ikawa kavu na moto, huyo hahitaji kuambiwa “vumilia, Maghrib karibu.” Huyo anaweza kufa. Mweke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji, mpepee, na akiwa na fahamu za kutosha kumeza mnyweshe, halafu hospitali. Swaumu ataifungua na kuilipa siku nyingine. Dini yetu haikumtaka mtu ajiue. Ila tusigeuze maneno. Hiyo ni ruhusa ya aliyefikwa na hatari. Mtu hawezi kula daku akisema moyoni, “leo nitakimbia kilomita 20 mchana, nikishindwa nitafungua.” Mazoezi ya kujifurahisha si udhuru. Mo Farah alipokimbia Olimpiki ya London mwaka 2012 katikati ya Ramadhani aliahirisha swaumu yake, na hayo ni yake na wanazuoni wake. Wewe na mimi na kilomita zetu tano hatuna kesi hiyo. Sifan Hassan naye alijiandaa kwa London Marathon ya 2023 akiwa anafunga, Ramadhani ikaisha siku chache kabla ya mbio, na akashinda. Huyo ni bingwa mwenye watu wa kumwangalia, usimwige mzima mzima. Ramadhani ni mwezi wa kulinda ulichonacho. Punguza kilomita, ongeza usingizi.

Futari nayo. Ukifungua kwa sambusa sita, viazi karai na juisi ya sukari, halafu utake kukimbia, kichomi kitakukamata mbavuni kabla hujafika barabara kubwa. Tende, maji, uji, swala, halafu chakula cha maana. Kwa daku sijaona kitu kinachoshinda muthokoi na maharagwe. Kinakaa tumboni, kinatoa nguvu pole pole, na hakina bei. Maji yanywe kidogo kidogo toka futari mpaka daku. Kumimina chupa mbili dakika ya mwisho ni kujaza kibofu tu. Ukitoka jasho jingi, tengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Tuje kwa viatu, mahali ambapo pesa zetu hupotea.

Wengi wetu tunanunua mtumba, na hakuna aibu. Lakini raba ya mtumba huweza kung'aa juu na imekufa ndani. Ile sponji iliyo kati ya soli na mguu ndiyo kiatu. Kitambaa ni nguo tu. Kwa kawaida raba ya mbio huchoka baada ya kilomita kati ya 500 na 800, na aliyeivaa Ulaya au Marekani hakukuandikia amekimbia ngapi. Basi ibonyeze sponji kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ubavuni, iache. Iweke juu ya meza utazame kwa nyuma: ikiegemea upande, mwenyewe wa kwanza alikuwa akiegemea, na itakuegemeza na wewe. Tazama gundi pia, manake kiatu kilichokaa miaka stoo hubanduka soli siku ya tatu, na fundi wa viatu atakurudishia soli lakini hawezi kurudisha sponji. Nenda kununua jioni wakati mguu umevimba kidogo, na ujaribu na soksi zako za mbio. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Asiyefanya hivyo, kucha zitageuka nyeusi akiteremka mlima, na hapa Machakos, ndugu yangu, kuteremka ni kila siku.

Na zile raba nene zenye bamba la kaboni ndani, zilizoanza kutajwa sana toka 2017, mpaka shirika la riadha duniani likaweka kikomo cha unene wa soli mwaka 2020? Ni nzuri kwa siku ya mashindano, kwa mwenye kasi. Kwa mazoezi ya kila siku ni kuchoma pesa. Feki zake nazo zimejaa. Najua Abebe Bikila alishinda Olimpiki ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu. Mtu atanitajia hilo, hunitajia kila mara. Bikila alikuwa Bikila, na hakukimbia kwenye chupa zilizovunjika kando ya barabara zetu.

Mavazi ni rahisi zaidi. Fulana ya pamba hunywa jasho ikawa nzito na kukwaruza. Kitambaa chepesi cha jezi ni bora. Kaka, kaptura ishuke chini ya magoti, ziko nyingi, hakuna kisingizio. Mapajani, kwapani na kwenye vidole paka mafuta ya mgando. Hata yale ya kukamulia ng'ombe yanafanya kazi, msicheke. Na ukianza, usiongeze zaidi ya kama sehemu moja ya kumi kwa wiki. Maumivu ya muundi, huo mfupa wa mbele ya mguu, mara nyingi ni adhabu ya haraka.

Dada zetu sasa, na hapa nazungumza zaidi na mama zetu. Najua neno lenu: “Watu watasema nini?” Ruqaya Al Ghasara wa Bahrain alishinda mita 200 katika Michezo ya Asia ya 2006 kule Doha akiwa amejifunika kichwa mpaka miguu. Sifan Hassan alishinda marathon ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akapanda kupokea dhahabu na hijabu yake. Watu walisema. Walisema mashaallah. Binti hahitaji kukimbia na buibui refu linalomkamata miguuni, hiyo ni hatari. Suruali pana nyepesi, shati refu mpaka magotini, hijabu ya kitambaa cha jezi iliyoshonwa ya kuvaa, bila pini shingoni. Fundi yeyote wa mtaani ataishona. Kinachohitaji mawazo yenu ni usalama wake. Atoke na wenzake wawili watatu, au na kaka yake, wakati kuna watu barabarani. Mama, hata wewe waweza kutoka naye. Kutembea kwa haraka ni mazoezi pia, na kisukari na presha zimeingia nyumba zetu nyingi.

Barabara yenyewe ina mambo. Kimbia upande wa kulia, uyaone magari na bodaboda yanayokuja, usiyape mgongo. Usiku vaa nguo nyeupe au ile kanzu ya kung'aa ya watu wa bodaboda, na masikio yawe wazi, toa hizo spika. Njia za changarawe za kuelekea milima ya Iveti ni laini kwa magoti kuliko lami. Kule Kyamwilu, barabara ya Mutituni, ambako gari likizimwa huonekana linapanda mlima lenyewe, usidanganyike: macho yanadanganywa, mapafu hayadanganyiki. Na binamu yako akija kutoka Mombasa akaanza kuhema mapema, usimcheke. Machakos iko kama mita 1,600 juu ya bahari. Mpe wiki mbili.

Mbwa. Wakikufuata, acha kukimbia, simama, usiwakazie macho, ondoka ukitembea pole pole. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na uende hospitali siku ile ile kwa chanjo, kwani kichaa cha mbwa hakina dawa kikishaanza. Akikulamba tu suruali, kwa madhehebu yetu ya Shafii unajua kazi yako: mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana mimi hubadilisha njia nikimsikia kwa mbali.

Mwisho ni siku ya mashindano, mathalan Nairobi Marathon, iliyoanza 2003. Watu hukusanyika mapema sana, na swala ya Alfajiri inaingia mkiwa njiani au mkipanga mstari. Chukua udhu nyumbani, beba msala mwepesi, elewaneni na wenzako mahali pa kuswali kabla ya kuingia kwenye umati. Kidole kikiwa na malengelenge na umefunga bendeji, muulize ustadh wako kabla ya siku hiyo namna ya kupangusa juu ya bendeji, usije ukaanza kubishana na wenzako pale bombani saa kumi na moja alfajiri.